Usiku wa Umatengo na kuvu za mibuni

Ufukwe wa Mbamba Bay uko takriban mita 475 juu ya usawa wa bahari. Shika barabara ya kwenda Mbinga na, kabla hujafikisha kilomita 70, umeshaiacha miembe na mihogo ya ziwani, umeingia milima ya Umatengo ambako mibuni hupandwa mpaka mita 1,500 na kupita hapo. Kwa wastani hewa hupoa nyuzi 6 za Selisiasi kila unapopanda mita 1,000. Nyuzi hizo chache ndizo zinazogawa magonjwa: hili la juu, lile la chini. Kuvu haina joto lake yenyewe. Huota, hukua na kuzaliana kwa kadiri ya joto la mahali ilipo, na kila kuvu ina kiwango chake inachokipenda.

Tuanze na chulebuni, adui mkubwa wa mkulima wa mlimani. Kuvu yake, Colletotrichum kahawae, ilitambuliwa Kenya mwaka 1922 na mpaka leo haijatoka nje ya Afrika. Hupenda baridi ya wastani, nyuzi 20 hadi 22, na unyevu mwingi. Hushambulia buni changa, hasa kuanzia wiki ya nne hadi ya kumi na nne baada ya maua, wakati punje zinapojaa. Kwetu Ruvuma mvua ni za msimu mmoja. Maua hutoka mvua zikikaribia au zinapoanza, na buni hujaa Desemba hadi Februari, katikati ya masika yenyewe. Mlimani kuna tatizo la pili ambalo wengi hawalioni: baridi huchelewesha buni pia. Punje inayojaa polepole hukaa muda mrefu zaidi katika umri wa hatari, na mvua hazikomi. Mkulima wa Litembo hupata hasara mara mbili kutokana na baridi ile ile inayoipa kahawa yake ladha nzuri.

Kutu ya majani ni ya tabia nyingine. Hii ndiyo Hemileia vastatrix, iliyoelezwa na wanasayansi mwaka 1869 kutoka kisiwa cha Ceylon, Sri Lanka ya leo, ambako iliangamiza mashamba ya kahawa mpaka wenye mashamba wakahamia chai. Unga wake wa rangi ya chungwa chini ya jani ni mbegu za kuvu zenyewe. Ili ziote zinataka jani lililolowa kwa saa kadhaa, giza, na joto la nyuzi 22 hivi. Chini ya nyuzi 15 au juu ya 28 huota kwa shida. Kisha kuvu hujificha ndani ya jani kabla ya kutoa unga mpya. Penye joto linaloifaa, hilo huchukua wiki tatu au nne; penye baridi, hata zaidi ya wiki sita. Kwa hiyo katika masika yale yale, shamba la upande wa Kigonsera, ambako nchi imeshuka, linaweza kupata vizazi viwili vya kutu wakati la mlimani limepata kimoja.

Ndiyo maana siridhiki na ratiba moja ya kupulizia dawa kwa wilaya nzima. Dawa za shaba hukinga tu, haziponyi; zikichelewa, fedha ya mkulima imepotea. Huko Kenya, miaka ya 1960, watafiti walikuta jambo la kusikitisha: mibuni iliyopuliziwa wakati usiofaa ilipata chulebuni nyingi kuliko ile ambayo haikuguswa. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba kuvu hutoka zaidi kwenye magome ya matawi, na dawa ikaelekezwa huko kabla ya msimu. Baadaye ikaonekana kwamba buni zilizougua, zikiachwa mtini, ndizo chanzo kikubwa. Kuzichuma zote baada ya mavuno ni kazi ngumu, lakini ina faida kuliko bomba moja la ziada.

Sasa, joto lipi la kupima? Watu hulalamikia jua la mchana. Mimi naomba tuangalie usiku, kwa sababu usiku ndipo jani linapolowa umande na ndipo kuvu inapoota. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015 kuhusu kahawa ya arabika nchini ulionyesha kuwa ongezeko la nyuzi moja katika joto la usiku liliambatana na upungufu wa takriban kilo 137 kwa hekta. Na Amerika ya Kati, mwaka 2012 na 2013, kutu ilipanda hadi mashamba ya juu yaliyodhaniwa kuwa salama. Guatemala ikatangaza hali ya dharura. Nyuzi mbili za usiku zikiongezeka Umatengo, kutu itapata njia ya kupanda mlima. Kila AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ingefanya vyema kuwa na kipimajoto kinachoshika kiwango cha chini cha usiku, kimoja juu na kimoja chini, na daftari la kuandikia. Kwa mashamba yanayofufuliwa, miche ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa Tanzania, yenye ukinzani, inayopatikana kupitia kituo chake cha Ugano, ni bora kuliko kurudia aina za zamani za N39 na KP423.

Ziwani mambo hugeuka, kwani huko kuvu huingia ndani ya mbao. Lasiodiplodia theobromae hukua vizuri kwenye nyuzi 28 hadi 30, joto la kawaida la ufukweni, na huingia mwembe kupitia jeraha la panga au ufa wa jua. Inaweza kukaa humo kimya kwa muda mrefu. Mti ukikosa maji, ulinzi wake hulegea, kuvu huziba mishipa ya maji, utomvu hutoka kwenye gome na tawi huanza kukauka kutokea nchani. Kuvu hii huua pia mizabibu katika mashamba ya joto ya kusini mwa California, ilhali kwenye mashamba yenye baridi zaidi kazi hiyo hufanywa na kuvu nyingine, Eutypa lata. Mbegu za Lasiodiplodia husambazwa na mvua, hivyo kukata matawi siku za mvua ni kuialika. Kata kiangazi. Shuka chini mpaka mbao iwe nyeupe bila mstari wa kahawia, paka jeraha dawa ya shaba, na choma ulichokata mbali na mti.