Kwa Nini Joka Lasadikika na Binadamu Hasadikiki?

Katika michezo ya televisheni ya zama hizi, ni michache iliyowagombanisha watazamaji wake kama Game of Thrones. Mchezo huo wa mfululizo, uliotolewa na kampuni ya HBO ya Marekani, ulianza tarehe 17 Aprili 2011 ukamalizika tarehe 19 Mei 2019, baada ya misimu 8 yenye sehemu 73. Miaka imepita tangu hapo, lakini wakutanishe watu wawili walioutazama hadi mwisho, na kabla ya kahawa kupoa utawasikia wameshikana kwa maneno.

Niseme mapema kwamba mchezo wenyewe si wa kutazamwa mbele ya wazee wala watoto. Una uchi na damu nyingi, nami simshauri mtu auingize sebuleni kwake. Ninachotaka kukizungumza ni ule ubishi wake, kwani ndani yake mna swali linalomhusu kila apendaye hadithi: ni uongo gani wa mtunzi tunaoukubali, na ni upi unaotukwama kooni?

Kisa chenyewe kimetokana na vitabu vya George R. R. Martin, ambavyo cha kwanza kilitoka mwaka 1996. Katika nchi ya kubuni iitwayo Westeros, koo kubwa zinapigania kiti cha enzi. Mna majoka yatemayo moto, mna wafu watembeao, mna wachawi. Yote hayo watazamaji waliyameza bila ya kukohoa. Basi walianza kukohoa lini?

Wengi walianza tarehe 20 Agosti 2017. Siku hiyo walionyeshwa Jon Snow na wenzake wamezingirwa na wafu katikati ya barafu, kaskazini ya Ukuta mkubwa. Mmoja wao akakimbia kwa miguu hadi ngomeni, kunguru akapelekwa na barua hadi kisiwani kwa Malkia Daenerys, naye akaja juu ya joka kuwaokoa. Na yote hayo kwa muda ulioonekana kama usiku mmoja tu. Watazamaji wakakunjua ramani. Kwa kuwa vitabu vyasema Ukuta una urefu wa maili 300, waliufanya kipimo, wakaona kwamba safari ya yule kunguru ni zaidi ya maili elfu moja. Mwongozaji wa sehemu hiyo, Alan Taylor, alikiri baadaye kwamba hesabu ya muda haikuwekwa wazi.

Atakayecheka atasema: watu hawa wamekubali joka, vipi wamkatae kunguru? Mimi nawaona wana haki. Joka tuliambiwa tangu mwanzo kwamba lipo, tukaliamini kwa mapatano. Kunguru naye tulifundishwa kwa miaka sita kwamba safari zake huchukua siku, na kwamba barua iliyochelewa yaweza kuangusha ufalme. Mtunzi ndiye aliyeiweka sheria, kisha akaivunja mwenyewe.

Lakini kunguru ni jambo dogo. Kubwa ni kengele. Tarehe 12 Mei 2019 Daenerys aliufikia mji mkuu, King's Landing. Askari wa mji walitupa panga chini, kengele zikalia kuonyesha kwamba mji umesalimu amri. Vita vimekwisha. Naye akalirusha joka lake akauchoma mji, mtaa kwa mtaa, wanawake na watoto wao. Huyu ndiye yule aliyewakomboa watumwa wakamwita mama. Ndiye yule ambaye mwaka 2014, baada ya mtu mmoja kumletea mifupa ya mtoto wake aliyeunguzwa na joka, aliwafunga minyororo majoka wake wawili huku akilia.

Hapo watazamaji waligawanyika pande mbili. Wa kwanza walisema huyu si Daenerys tumjuaye; na zaidi ya watu milioni moja walitia sahihi ombi la kutaka msimu wa mwisho utengenezwe upya. Wa pili walijibu kwamba dalili zilikuwepo. Alimchoma mchawi akiwa hai mwaka 2011. Aliwasulubu mabwana 163 wa mji wa Meereen kulipiza watoto 163 wa watumwa. Mwaka 2017 alimchoma baba na mwanawe kwa kukataa kumpigia magoti. Tena, walisema, baba yake alikuwa mfalme mwendawazimu, na mwana wa nyoka ni nyoka.

Hoja hii ya mwisho siikubali hata kidogo. Ikiwa ubaya wake ulikuwa damuni, basi wema wake wote ulikuwa bure, na sisi tuliomfuata kwa miaka minane tulikuwa tukingoja ugonjwa utokeze. Lakini hoja ya kwanza yao ni nzito, na inatugusa sisi kuliko inavyomgusa yeye. Kila alipochoma tulimpigia makofi, kwa kuwa waliochomwa walikuwa wabaya. Hatukuuliza siku atakapokwisha wabaya moto huo utaelekezwa kwa nani. Mtu yeyote aliyewahi kumshangilia mtawala yafaa ajiulize swali hilo.

Kwa hiyo hukumu yangu ni hii: tendo lenyewe lasadikika, njia iliyotufikisha kwenye tendo ndiyo haisadikiki. Misimu sita ya mwanzo ilikuwa na sehemu 10 kila mmoja. Wa saba ukawa na 7, wa nane 6. HBO ilikuwa tayari kuendelea, lakini waongozi wa mchezo, David Benioff na D. B. Weiss, ndio waliotaka kumaliza. Badiliko la moyo ambalo lingehitaji miezi ya upweke, hofu na kusalitiwa, tulionyeshwa kwa muda wa kengele kulia.

Mgiriki Aristotle alikwisha kulieleza jambo hili katika kitabu chake cha ushairi: kwamba lisilowezekana likasadikika ni bora kuliko liwezekanalo lisilosadikika. Kitabu hicho kilifasiriwa kwa Kiarabu na Abu Bishr Matta katika karne ya 10, na Ibn Rushd wa Andalusia akakiandikia sherehe. Joka ni lile lisilowezekana likasadikika. Malkia aliyegeuka ghafla ni yule awezekanaye asiyesadikika.

Nasi huku pwani twalijua hilo bila ya Aristotle. Kisa cha Fumo Liyongo, ambacho Muhammad Kijumwa wa Lamu alikiandikia utendi mwaka 1913, chasema shujaa huyo hakufa kwa mshale wala mkuki, ila kwa sindano ya shaba ya kitovuni. Sijapata kumsikia mtu akibisha habari ya sindano. Watu hubisha habari ya mwana: vipi mtoto amchome baba yake aliyelala? Na utendi una jibu. Aliahidiwa cheo, akaahidiwa mke, akatamani. Sababu ni chungu, lakini ipo.

Mamia ya wazazi huko Marekani waliwaita binti zao Khaleesi, kwa cheo cha Daenerys, kabla ya mji kuchomwa. Hao hawakuupenda moto, waliipenda huruma yake kwa watumwa, na iliwapasa waonyeshwe hatua kwa hatua huruma hiyo ilipotelea wapi. Mtunzi ana ruhusa ya kutupa joka. Hana ruhusa ya kutunyima sababu. Vijana wetu wanaoandika tamthilia leo na walishike hilo, maana msikilizaji wa Kiswahili husamehe ajabu, hasamehi haraka.