Panya buku wa Morogoro na siri ya kufundisha tabia

Katika maabara ya shirika la APOPO mjini Morogoro, panya buku hupita juu ya safu ya vitundu, chini yake pakiwa na makohozi ya watu waliopimwa kifua kikuu. Akinusa harufu ya vimelea, husimamisha pua juu ya kitundu kwa sekunde chache. Kwa dakika 20 hivi humaliza sampuli 100, kazi inayoweza kumchukua mtaalamu wa darubini hadi siku nne. Sampuli anazozitilia shaka hupimwa upya kabla mgonjwa hajapewa majibu.

Panya huyo hajui kifua kikuu ni nini. Amefunzwa kwa kanuni mbili za saikolojia zenye umri wa zaidi ya miaka 100.

Ya kwanza ni ya Mrusi Ivan Pavlov, aliyeonyesha kwamba mbwa aliyezoea kusikia mlio fulani kabla ya kulishwa hutokwa na mate kwa mlio peke yake. Morogoro nako mafunzo huanzia hapo: mkufunzi hubonyeza kidude kinacholia "ka!", kisha humpa panya chakula. Baada ya muda, mlio tu unatosha kumjulisha kwamba chakula kinakuja.

Ya pili ilianza mwaka 1898 kwa majaribio ya paka ya Mmarekani Edward Thorndike, ikaendelezwa na Mmarekani mwenzake B. F. Skinner: tendo linaloleta faida hurudiwa, lisiloleta kitu hufifia. Panya akisimama penye kitundu sahihi, mlio hutoka papo hapo. Ukichelewa, hatajua amelipwa kwa kunusa au kwa kugeuka.

Kazi huwa ngumu pale isipojulikana kama sampuli ina vimelea. Panya akilipwa kila anaposimama, atasimama ovyo. Asipolipwa kabisa, ataacha kazi. Kwa hiyo wataalamu huchanganya sampuli zilizokwisha kuthibitishwa kuwa na vimelea, na kumlipa kwa hizo tu.

Kwa binadamu kuna njia nyingine tena ya kujifunza. Mwaka 1961, Albert Bandura wa Chuo Kikuu cha Stanford alionyesha kwamba watoto waliomwona mtu mzima akimpiga mwanasesere waliiga kipigo hicho bila kuahidiwa chochote. Anayemchapa mtoto kwa kosa la kupiga wenzake anamwonyesha kitendo kilekile anachomkataza.

Sifa nayo, kama ule mlio wa panya, ina wakati wake. Mtoto aliyenawa mikono bila kukumbushwa asifiwe palepale, na aambiwe anasifiwa kwa lipi. Na anayelilia pipi dukani, jibu liwe moja tangu mwanzo. Mzazi anayekataa mara tano kisha akakubali mara ya sita amemfundisha mwanawe kwamba kilio hulipa, mradi tu asichoke mapema.