Je, Wajua Mashine ya Milingi?

Mwenye kuujua ufundi wa kerezo, ambako chuma ndicho kizungukacho na kisu hutulia, huona ajabu anaposimama kwa mara ya kwanza mbele ya mashine ya milingi, kwa kuwa hapo mambo yamegeuka: kisu chenye meno ndicho kizungukacho, nacho chuma, kilichobanwa katika jiliwa juu ya meza, huletwa polepole kwenye makali kwa magurudumu ya mkono, moja la kuipeleka meza kulia na kushoto, jingine la mbele na nyuma, na la tatu la kuipandisha na kuishusha.

Zamani fakhari ya kuibuni alipewa Eli Whitney wa Marekani, na mwaka uliotajwa ulikuwa 1818, lakini wataalamu wa tarikhi wameitilia shaka nasaba hiyo. Na kwa hakika fundi ajifunzaye katika banda lake la motokaa ana deni kubwa zaidi kwa mji wa Bridgeport, jimboni Connecticut, ambako mwaka 1938 ilianza kuuzwa mashine ya wima ambayo kichwa chake chaweza kuinamishwa. Viwanda vilipohamia kwenye mashine ziongozwazo na kompyuta, nyingi katika hizo kongwe ziliangukia mikononi mwa wapenda ufundi. Uzito wake hukaribia tani moja, na aghalabu mota yake hudai umeme wa njia tatu, ilhali nyumba za huko zina wa njia moja, basi mnunuzi hana budi kutafuta chombo cha kuugeuza kabla hajakata hata chembe.

Kichwa kiinamacho ni neema yenye gharama, kwani sharti kihakikishwe kuwa kimesimama wima: hufungwa kipimo cha mshale kwenye mhimili, kikazungushwa juu ya meza, na mshale usipotulia, kichwa hulegezwa kikasahihishwa. Kazi hii huchosha, na airukaye hufichuliwa na uso wa chuma chake.

Lakini ilimu yenyewe, kwa rai yangu, imo katika ulegevu wa parafujo. Parafujo ya meza haijai barabara ndani ya nati yake, hasa ikiisha kutumika miaka mingi. Gurudumu hugeuzwa kidogo na meza isijongee. Basi chuma kikisukumwa kukabili mwendo wa meno, kisu hukisukuma kirudi, parafujo ikabaki imeegemea upande mmoja, na kazi huenda kwa salama. Lakini kikipelekwa kuufuata mwendo huo, meno hukinyakua na kuivuta meza ghafla kuvuka ile nafasi tupu, na kisu huweza kuvunjika. Hata hivyo njia hii ya pili mara nyingi hutoa uso laini zaidi, ndiyo maana mafundi hawaiachi kabisa, bali huiwekea mkato wa mwisho, mwembamba mno, huku meza imekazwa kidogo.

Ulegevu huo huo huhadaa hata macho. Katika mashine hiyo ya Bridgeport mzunguko mmoja wa gurudumu huisogeza meza inchi 0.2, na ukingo wake umegawiwa alama 200, kila moja ikiwa sehemu ya elfu ya inchi. Lakini alama husema kweli iwapo tu imefikiwa kwa kugeuza upande ule ule ulioanza nao. Ukiipita, usiirudie moja kwa moja: rudi nyuma zaidi ya ulegevu wote, kisha uijie upya.