Mtazame Mwezi Kabla ya Kuwatoa Watoto

Saa nne asubuhi, siku ya Jumamosi, nilisimama ufukweni Coco Beach na watoto wawili, ndoo ndogo mbili na bahari iliyojaa. Nilikuwa nimewaahidi kaa. Binti yangu wa miaka saba alikuwa amemsimulia mdogo wake habari za kaa tangu juzi yake, naye mdogo wake hakulala vizuri. Sasa mawe yote yalikuwa yamezama.

Kivulini alikaa mzee akishona wavu. Tukamwamkia.

"Marahaba, wanangu. Mmekuja kuogelea?"

"Tumekuja kutafuta kaa, mzee."

Akaitazama bahari, akawatazama watoto. "Mwezi wa juzi uliuona? Ulikuwa nusu. Mwezi ukiwa nusu, saa hizi maji yanajaa. Njoo ukishakuwa mpevu, siku mbili mbele, saa hizi hizi. Mtatembea mpaka kule." Akanyoosha kidole mbali, mawimbi yalikokuwa yakivunjika.

Jumamosi iliyofuata tukarudi, na kweli bahari ilikuwa imehama. Palipokuwa na maji sasa palikuwa na uwanja wa mawe, mwani na vidimbwi vilivyotulia kama maji ya karai. Tulimwona kiti cha pweza, jongoo bahari, na kaa mdogo aliyejibebea gamba la konokono kama mtu anayehama na nyumba yake. Wanangu walichuchumaa kwenye kidimbwi kimoja karibu nusu saa. Sikulipia chochote isipokuwa nauli ya daladala, na huyu mdogo nilimpakata.

Nimeishi Dar es Salaam maisha yangu yote bila kujua jambo ambalo mvuvi yeyote analijua. Siku za bamvua, yaani siku chache baada ya mwezi kuandama na baada ya kuwa mpevu, maji ya pwani yetu hupwa sana mnamo saa nne na saa tano asubuhi, kisha hujaa sana jioni. Wiki inayofuata, mwezi ukiwa nusu, ni maji mafu: hayapwi sana wala hayajai sana, na asubuhi hiyo ndiyo yanajaa. Kila siku saa ya kupwa husogea mbele kwa takriban dakika 50. Anayefuata kalenda ya Kiislamu ana hesabu hii ukutani kwake tayari: tarehe mbili tatu za mwanzo wa mwezi, na zile zinazofuata baada ya 15. Asiye nayo atoke nje usiku atazame juu.

Ninalisisitiza hili kwa sababu wazazi wengi tunaamini kwamba kumtoa mtoto ni suala la pesa. Mwaka mmoja kabla ya hapo niliwapeleka wanangu kwenye sehemu moja ya michezo yenye kiingilio. Ndani, kila kitu kilikuwa na bei yake: bembea bei yake, puto la kurukia bei yake, chipsi na soda mara mbili ya bei ya mtaani. Kufika saa saba fedha ya wiki ilikuwa imekwisha, watoto wanalia kwa jua, nami nimekasirika. Niliporudi nyumbani niliapa kwamba matembezi ni ya wenye nacho. Nilikosea. Pesa iliniishia kwa sababu nilitoka nyumbani saa tano, nikiwa mikono mitupu, nikafika wakati jua liko utosini. Mji huu una mambo mengi ya bure au ya karibu na bure, lakini kila moja lina saa yake.

Chukua pantoni. Nauli ya kuvuka Magogoni kwenda Kigamboni ilipopandishwa kutoka shilingi 100 hadi 200 mwaka 2012, watu walilalamika, na walikuwa na haki, kwa kuwa wengi wao huvuka kila siku kwenda kutafuta riziki. Kwa mtoto asiyevuka kila siku, hiyo ni safari ya meli. Nenda asubuhi ya Jumamosi, wakati watu wengi wanatoka Kigamboni kuja mjini. Wewe utakuwa unaelekea upande wenye nafasi. Simameni pembeni, mtoto umshike mkono. Ataona boti za Zanzibar, ataona mapaa mekundu ya Kanisa la Azania Front nyuma yake, na bahati ikiwa yenu pantoni itasubiri meli ya makontena ipite kwanza kuingia bandarini. Mwanangu aliona chuma kirefu kama ghorofa kikipita mbele yake kimya kimya, akaniuliza, "Mama, hiyo nyumba inaenda wapi?" Ng'ambo mnashuka, mnakula mihogo ya kukaanga yenye pilipili na chumvi, mnageuka. Saa tatu mmeshavuka, saa tano mmesharudi.

Kwa siku zisizo za bahari kuna Bustani ya Mimea ya katikati ya mji, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893, yenye miti mingi ya kivuli kuliko mahali pengine pengi nijuapo. Karibu yake, Mtaa wa Shaaban Robert, ipo Makumbusho ya Taifa inayotunza fuvu la Zinjanthropus ambalo Mary Leakey alilipata Olduvai mwaka 1959. Kiingilio cha raia ni kidogo sana kuliko cha mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho.

Chakula kipikwe nyumbani. Mimi huchemsha mayai na viazi vitamu usiku, asubuhi naongeza machungwa. Maji yawe mengi kuliko unavyodhani, kwa kuwa maji ya chupa ndiyo humaliza hela barabarani. Raba kuukuu kwa ajili ya mawe, maana kule kwenye vidimbwi wamo viumbe wa miiba mirefu myeusi, na mwiba wao mguuni hautoki kirahisi. Na siku ya bamvua usisubiri mpaka maji yakufikie magotini: yakianza kurudi, nanyi rudini. Yanakuja haraka, tena yanakuja kwa nyuma, kupitia mifereji ambayo hukuiona ulipokuwa unakwenda.

Miezi ya Juni hadi Agosti, wakati wa kipupwe, ndiyo mizuri kuliko yote, na likizo ya katikati ya mwaka huangukia humo. Masika, tulieni nyumbani.

Hata hivyo kuna mzazi ambaye Coco Beach kwake ni daladala mbili kwenda na mbili kurudi, mara watu watano. Huyo simwambii atazame mwezi. Anachohitaji ni mahali pa kwenda kwa miguu. Mahali hapo palikuwepo. Mitaa yetu mingi iliyopimwa ilitengewa maeneo ya wazi kwenye michoro ya mipango miji, kwa ajili ya watoto hasa, kisha tukayaona yakigeuka gereji, baa, maduka na nyumba za watu. Katika mtaa nilikokulia uwanja tuliochezea rede sasa una ukuta na geti. Watoto wa pale wanacheza barabarani, wakipisha bodaboda.

Ofisi ya serikali ya mtaa wenu hufunguliwa siku za kazi. Nenda ukaulize: eneo la wazi la mtaa huu liko wapi kwenye mchoro, na leo lina nini juu yake? Nenda na jirani yako mwenye watoto, muulize pamoja, na msiondoke kabla hamjaonyeshwa mchoro wenyewe.