Mkoba wa Kiunoni: Rafiki wa Mama Safarini

Mama anaposafiri na watoto, mikono miwili haimtoshi. Mmoja umemshika mtoto, mwingine umebeba kikapu, na pochi inateleza begani kila anapoinama. Hapo hapo kondakta anadai tiketi, mpiga debe anavuta begi, na ngazi ya basi iko juu. Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi tumewapokea akina mama walioanguka kwenye ngazi hizo kwa kukosa mkono wa kushika bomba. Wengine humwachia mtoto ili waizuie pochi, na katika umati wa stendi dakika moja yatosha mtoto kupotea machoni.

Kwa sababu hiyo tunapenda kuzungumza nanyi, wapendwa akina mama, juu ya mkoba wa kiunoni. Wako wanaodhani kuwa ni kitu cha vijana au cha watalii. La hasha! Bibi zetu walitunza fedha kibindoni au katika pindo la kanga. Hata mtu wa kale ambaye mwili wake uligunduliwa katika barafu ya milima ya Alps mwaka 1991, aliyeishi zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, alikuwa na kifuko cha ngozi cha mkandani, chenye vifaa vya mawe na vya kuwashia moto. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka.

Anza na vitu, rangi baadaye

Kabla ya kwenda dukani, panga mezani vitu ambavyo huwezi kusafiri bila hivyo: simu, kitambulisho, tiketi, fedha za njiani, leso, na dawa za haraka kama ile ya kuvuta ya mgonjwa wa pumu. Simu nyingi za siku hizi zina urefu wa sentimeta 16 hivi, na pasipoti ni sentimeta 12.5 kwa 8.8. Basi mkoba wenye urefu wa ndani wa sentimeta 20 na kimo cha sentimeta 12 unatosha. Mkubwa kuliko huo utashawishika kuujaza, nao ukijaa huvuta kiuno na kuuchosha mgongo. Chupa ya maji ya nusu lita ina uzito wa nusu kilo; iache kwenye kikapu.

Kadi ya kliniki ya mtoto usiikunje kwa nguvu ili iingie. Iweke katika begi dogo unaloingia nalo ndani ya basi. Insulini nayo isikae kiunoni. Ile inayotumika hutunzwa mahali pasipozidi nyuzi 30 za joto, na mwili wetu una nyuzi 37 hivi. Wala isiwekwe kwenye buti la basi, ambako joto huwa kali.

Chunguza mshono na bizimu

Uwe unanunua mpya Kariakoo au unachagua kwenye mitumba, fanya hivi: vuta mkanda kwa nguvu pale unaposhonewa kwenye mkoba. Funga na fungua bizimu mara kumi. Endesha zipu kwa mkono mmoja, kwa maana safarini huenda mkono wa pili umembeba mtoto. Turubai na nailoni nene huvumilia jasho na hufulika. Ngozi hupendeza, lakini huhitaji kufutwa na kupakwa mafuta. Mfuko mdogo wa ndani upande wa tumbo ndio wa kitambulisho na noti kubwa. Nauli ya karibu iweke mfuko wa mbele, usije ukahesabu fedha zote mbele ya watu. Na namba ya siri ya simu isiandikwe kwenye karatasi humo.

Jipime ukiwa umeketi

Wengi hujipima wakiwa wamesimama, kumbe safari ni ya kuketi. Vidole viwili vipite kwa urahisi kati ya mkanda na tumbo. Mkanda unaobana huleta kiungulia, na unaweza kuukandamiza mshipa wa fahamu wa paja hata upande wa nje wa paja ukafa ganzi au kuwaka moto. Mama mjamzito asiufunge tumboni kabisa. Auvae kwa kupitisha mkanda begani, mkoba ukae kifuani. Ukifunga mkanda wa usalama wa gari, sogeza mkoba pembeni ili mkanda huo ulale juu ya mifupa ya nyonga.

Ukibeba mtoto kwa mbeleko, funga mkoba kwanza, kisha mbeleko juu yake, ili ukimshusha mtoto mkoba usianguke. Katika msongamano, kama ule wa Stendi ya Magufuli kule Mbezi Luis wakati wa sikukuu, mkoba uwe mbele daima, na mkanda wake uwe chini ya blauzi au kanga, mahali ambapo wembe wa mwizi haufiki.

Na urembo je?

Urembo haukatazwi. Rangi nyeusi au kahawia huenda na magauni mengi. Fundi cherehani wa mtaani anaweza kukushonea wa kitenge chenye bitana, akakupima kwa futi yake mkanda ukuenee sawasawa. Hilo ni jema hasa kwa sisi wenye miili, maana mikanda ya dukani mara nyingi haitufikii.

Siku moja kabla ya safari, uvae nyumbani ukiwa na vitu vyote. Inama, panda ngazi, mbebe mtoto, kisha keti robo saa. Ukibana, ulegeze, ukishuka kwa uzito, punguza vitu. Asubuhi utakapofika stendi, mkono mmoja utamshika mtoto na mwingine utashika bomba.