Je, Wajua? Gitaa la Kwanza Huchaguliwa kwa Milimita

Anayekwenda kununua gitaa kwa mara ya kwanza huuliza mambo mawili: limetengenezwa na kampuni gani, na kwa mbao ya mti gani. Ni maswali halali, lakini yanaruka jambo lenye uzito zaidi, yaani kimo cha nyuzi juu ya shingo. Nyuzi sita za chuma za gitaa kavu, zikishakazwa hadi sauti yake, huvuta kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 60 hadi 75. Nguvu hiyo ndiyo inayokabiliana na ncha za vidole laini vya mwanafunzi, na kila milimita inayoongezeka kati ya uzi na freti, yaani vijiti vya chuma vinavyokatiza shingo, humwongezea kazi. Kipimo huchukuliwa kwenye freti ya 12, katikati ya urefu wa uzi: kwa nyuzi za chuma, milimita 2 hadi 3 chini ya uzi mnene zinatosha. Zikifika 4 au 5, maumivu ni sehemu tu ya hasara. Uzi unaosukumwa kutoka juu sana hurefuka, hukazika, na sauti yake hupanda. Kordi iliyoshikwa sawasawa hutoka ikiwa imepotoka, na mwanafunzi hudhani sikio lake ndilo bovu. Nadhani wengi wameacha gitaa kwa kosa ambalo halikuwa lao.

Watu husema gitaa ni mbao, na mbao nzuri ndiyo sauti nzuri. Hilo ni kweli kwa ubao wa mbele, kwa kuwa ndio unaotikisa hewa. Mgongo na mbavu, ambazo ndizo husifiwa kwa majina ya miti adimu, zina mchango mdogo mno. Mhispania Antonio de Torres, fundi aliyelipatia gitaa la kisasa umbo lake, alitengeneza mwaka 1862 gitaa lenye mgongo na mbavu za karatasi ngumu, nalo likatoa sauti. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, walichapisha matokeo ya jaribio la magitaa sita yaliyotofautiana kwa mbao ya mgongo na mbavu tu. Wapigaji 52 waliyajaribu katika mwanga hafifu, wakiwa wamevaa miwani ya giza, na alama walizotoa zilikaribiana sana. Ikiwa wazoefu hawakuona tofauti kubwa, anayeanza hana sababu ya kuilipia.

Wengine watasema wakongwe hawakupima milimita yoyote. Mpiga gitaa Mwenda Jean Bosco wa Katanga, Kongo, ambaye mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi akipiga “Masanga” mwaka 1952, alifika mbali kwa kidole gumba na cha shahada. Lakini tunaowajua ni waliofika. Waliokatishwa tamaa na gitaa gumu hawakurekodiwa na mtu. Tena vidole huota sugu kwa kupiga mara kwa mara, na gitaa linaloumiza halipigwi mara kwa mara.

Je, nyuzi za nailoni basi? Mvuto wake ni karibu nusu ya ule wa chuma, na hiyo ni nafuu kubwa. Ila shingo ya gitaa la nailoni, upande wa kichwani, ina upana wa milimita 50 hivi, wakati ile ya nyuzi za chuma ina 43, kwa hiyo mwenye kiganja kidogo atalazimika kunyoosha vidole zaidi. Mtoto anunuliwe la robo tatu. Gitaa la umeme ndilo jepesi kuliko yote kwa vidole, na dhana kwamba lazima mtu aanzie gitaa kavu haina msingi. Tatizo lake ni gharama ya kikuza sauti.

Kwa mnunuzi wa pwani, Dar es Salaam au Mombasa, unyevu ni hesabu nyingine. Mbao hufyonza maji na kuvimba, ubao wa mbele hutuna, daraja, pale nyuzi zinaposhikizwa, huinuka pamoja nazo. Ubao wa plaiwudi, ambao wauzaji huuonea haya, haubadiliki sana. Litazame gitaa kwa ubavu: daraja likiwa limeanza kubanduka, liache. Shingo iliyopinda kidogo isikutishe, mradi ina chuma cha kuirekebisha ndani yake. Fundi huikaza au kuilegeza kwa ufunguo mdogo.