MTI KWENYE KARAI: JINSI YA KUANZA BONSAI HAPA KIANDA

Mwaka huu kalamu yangu imeelekea upande wa miti. Najua wapo watakaoguna, "Miti? Kianda hii? Utaipanda wapi?" Swali hilo ni la haki kabisa, na ndilo lililonifanya niandike makala haya.

Jina Kibera limetokana na neno Kibra, ambalo katika lugha ya Wanubi lina maana ya msitu. Wanubi waliokuwa askari wa King's African Rifles walipokaa hapa mwanzoni mwa karne ya 20, waliikuta ni pori la miti kweli kweli. Leo miti imebaki ng'ambo, katika msitu wa Ngong Road. Sisi tumebaki na mabati, mitaro na reli. Kutoka mlango wako hadi mlango wa jirani ni hatua mbili tatu tu. Isitoshe, wengi wetu ni wapangaji. Ukipanda mti ardhini, mti ni wa mwenye ploti, na siku atakapotaka kuongeza chumba, shoka ndilo litakalobisha hodi kwanza. Mnamo Julai 2018, barabara ya kuunganisha Ngong Road na Lang'ata ilipopitishwa Kibera, nyumba na hata shule zilibomolewa kwa tingatinga. Godoro, jiko na sufuria hubebeka siku kama hiyo. Mti uliopandwa ardhini haubebeki.

Wahenga walinena kwamba mti hauendi ila kwa nyenzo. Mimi nataka kuwaeleza juu ya mti unaokwenda kwa mikono miwili tu: bonsai.

BONSAI SI MTI WENYE NJAA

Bonsai ni neno la Kijapani. Bon ni chombo cha kina kifupi, mfano wa sinia, na sai ni kupanda. Ufundi wenyewe ulianzia China, kisha ukavuka hadi Japan zaidi ya miaka 1,000 iliyopita.

Watu wengi hudhani kwamba bonsai ni aina ya mti mbilikimo, au kwamba mti hufanywa mdogo kwa kunyimwa chakula. La hasha! Bonsai ni mti wa kawaida, uleule ambao ukiachiliwa ungepita paa la kanisa. Hubaki mdogo kwa sababu mbili. Ya kwanza, chombo chake kina mpaka. Ya pili, mtunzaji hukata mizizi na matawi kwa zamu, mwaka nenda mwaka rudi. Mti wenye njaa hudhoofika ukafa. Bonsai iliyotunzwa vyema yaweza kuishi kumpita aliyeipanda.

Uko msonobari mmoja mweupe uliokuwa mali ya familia ya Yamaki, mjini Hiroshima. Ulianza kutunzwa kwenye chombo mwaka 1625. Bomu la atomiki lilipoangushwa tarehe 6 Agosti 1945, mti ulikuwa umekingwa na ukuta wa boma, ukapona. Mwaka 1976 Bwana Masaru Yamaki aliutoa zawadi kwa Marekani, nao umetunzwa Washington tangu hapo. Tena, tetemeko la ardhi lilipoangamiza Tokyo tarehe 1 Septemba 1923, baadhi ya watunzaji wa bonsai walihamia Omiya, kaskazini mwa jiji, na mwaka 1925 wakaanzisha kijiji chao. Walipoteza makao, lakini kazi yao ilihama nao. Mtu wa Kibera haitaji kufafanuliwa maana ya jambo hilo.

SIRI YA MIZIZI MITUPU

Kule Ulaya na Japan, anayeanza mara nyingi hutafuta miche ya mizizi mitupu, yaani iliyong'olewa ikakung'utwa udongo wote. Miche ya namna hiyo huwa rahisi kwa bei na myepesi kubeba. Mti mmoja unaopendwa sana na wanaoanza ni ule uitwao lachi. Lachi ni wa jamii ya misonobari, lakini tofauti na ndugu zake wengi, hupukutisha majani yote baridi inapokaribia. Wakati huo mti umelala. Ukiung'oa, hakuna jani linalodai maji, na mizizi hupata nafasi ya kupona kabla majani mapya hayajachipuka.

Sisi Nairobi hatuna baridi ya theluji, na miti yetu mingi haivui majani yote kwa mpigo. Ukiung'oa mche pamoja na majani yake, majani huendelea kupumua maji hewani, ilhali mizizi imepoteza vile vinyweleo vyembamba vinavyonyonya maji kutoka udongoni. Ni sawa na nyumba ambayo mtungi umepasuka na papo hapo wageni kumi wamebisha hodi. Dawa ni kupunguza wageni: kata majani. Wenzetu wa ng'ambo hufanyiwa kazi hiyo na baridi. Hapa kwetu, mkasi ndio baridi. Ukishika neno hilo moja, umeshika nusu ya elimu yote ya kuanza.

MCHE GANI?

Kwa anayeanza Kianda, mimi nasifu mugumo na mitini mingine ya mwituni. Ndege hula tini zake, kisha huangusha mbegu kwa kinyesi kwenye nyufa za kuta, madaraja na mifereji ya paa. Mche huota pale pale pasipo na udongo wa maana, kwa hiyo ukiung'oa tayari una mizizi mitupu. Aidha, mugumo ni mvumilivu: hukatwa mizizi ukaotesha mingine, na hukubali kuishi kwenye mkebe. Tafuta mche wenye unene wa penseli na urefu usiozidi rula yako ya shuleni.

Lakini usiende kung'oa ovyo. Omba ruhusa kwa mwenye ukuta. Mara nyingi atafurahi, maana mizizi ya mugumo hupasua mawe. Waheshimu pia wazee, kwani kwa Wagikuyu mugumo ni mti mtakatifu, na mzee akikuona na panga karibu nao ana haki ya kukuuliza. Msituni usiguse kitu: sheria ya misitu ya mwaka 2016 inakataza kutoa mimea katika misitu ya umma bila kibali. Ukikosa mugumo, wauzaji wa miche kando ya Ngong Road huwa na miti ya kienyeji pia. Mzeituni mwitu, mutamaiyo, ni mzuri ajabu ingawa hukua polepole.

HATUA KWA HATUA

Kwanza, ngoja mvua. Mwisho wa Machi, masika yanapoanza, hewa ina unyevu na bado kuna joto la kuamsha mizizi. Februari jua ni kali mno, na Julai baridi huuchelewesha mche.

Pili, lowesha ufa jioni, ung'oe asubuhi. Shika mche chini kabisa, legeza kwa msumari au kijiti, uvute taratibu. Funga mizizi papo hapo kwa gazeti au kipande cha gunia kilicholoweshwa. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017, basi usiitafute. Mizizi mitupu ikipigwa na jua hata kwa dakika chache, vinyweleo vilivyobaki hukauka.

Tatu, fika nyumbani utie mizizi kwenye maji wakati unatayarisha mkebe. Kwa wembe safi, kata mizizi iliyovunjika, kisha fupisha ule mkuu unaoelekea chini ili ya kando itawanyike. Sasa chukua mkasi, kata nusu ya majani au zaidi. Utaona huruma, lakini kata tu. Utomvu mweupe utatoka. Usiguse macho, na unawe mikono.

Nne, udongo. Udongo mweusi wa mfinyanzi haufai: ukilowa hushikamana kama ugali, ukikauka hupasuka. Mimi huchanganya mikebe 2 ya kokoto ndogo au matofali yaliyopondwa, mkebe 1 wa udongo mwekundu na mkebe 1 wa mboji iliyooza vizuri. Vipande vya makaa ukubwa wa maharagwe pia hufaa, na muuza makaa hukupa bure vile vilivyobaki chini ya gunia. Chekecha vumbi ulitupe, maana vumbi huziba njia ya maji na hewa.

Tano, toboa mkebe matundu 5 au 6 chini kwa msumari. Mwaka wa kwanza tumia mkebe wenye kina, usikimbilie karai. Panda, mwagilia mpaka maji yatokee chini, kisha ufunge mche kwa kamba usitikisike. Mche unaoyumba hukata vinyweleo vipya kila vinapochipuka.

Sita, uweke kivulini wiki mbili au tatu, mahali penye mwanga. Chipukizi likionekana, usogeze juani kidogo kidogo. Usipe mbolea kabla ya hapo.

MAJI, JUA NA SUBIRA

Maji kwetu hununuliwa kwa mtungi, kwa hiyo hatuyachezei. Tena, maji mengi mno pia huua bonsai. Chomeka kidole udongoni: ukikuta pakavu hadi kiungo cha kwanza, mwagilia. Ukikuta unyevu, ondoka. Maji ya kusuuzia mchele yanafaa, maji ya sabuni hayafai. Jirani yetu mmoja alikuwa akimwagilia wake kila anapopita, na baada ya mwezi mizizi ikaoza ikanuka kama mtaro. Jua nalo ni la lazima. Bonsai si pambo la kuwekwa juu ya kabati. Tafuta mahali penye jua angalau saa tatu au nne, lakini si juu ya mabati, ambako adhuhuri mkebe huwa kama kikaango.

Mwaka wa kwanza usikunje kitu. Mwache akue, kwa maana shina halinenepi bila majani. Mwaka wa pili ndipo samaki hukunjwa angali mbichi. Nunua waya laini kwa fundi wa jua kali (wa kununua, jamani, si wa kukatwa kwenye nguzo ya stima!) wenye unene wa theluthi moja ya tawi. Uzungushe kwa mshazari kuanzia shinani, kisha pinda tawi polepole kwa vidole gumba. Kagua kila wiki. Waya ukianza kuuma gome, ukate vipande vipande, usiuzungushe kuutoa. Kila baada ya miaka miwili hivi, masika yakianza, toa mti, punguza theluthi ya mizizi na ubadilishe udongo. Hapo sasa waweza kuuhamishia kwenye karai kuukuu lililotobolewa, au trei uliyofuliwa na fundi.

Mama aliponiona na mkasi aliuliza, "Sasa huu mti wako utazaa nini? Sukuma wiki si ingekuwa afadhali?" Nilimjibu kuwa sukuma pia ninayo, kwenye gunia, na ile inajaza sufuria. Bonsai haijazi sufuria wala haiuziki kesho. Ila katika chumba cha kupanga, ambamo karibu kila kitu ni cha mwingine, hata ukuta na mlango, mti huu ni wangu, na mwaka ujao utakuwa mti bora kuliko ulivyo leo kwa sababu ya kazi yangu. Kwa kijana ambaye kila siku huulizwa karo iko wapi na kodi iko wapi, si jambo dogo kuwa na kitu kinachokua kwa saa yake chenyewe.

Marehemu Profesa Wangari Maathai na wenzake walianza na miti saba tu, tarehe 5 Juni 1977 huko Kamukunji. Sisemi karai langu litarudisha msitu uliotupa jina. Nasema mtu asiyejua mzizi unakunywaje maji hawezi kuutunza msitu hata akipewa wote bure. Anza na mmoja, uujue.

Wino unakaribia kuniishia. Miche yangu mitatu iko nyuma ya darasa, karibu na tangi la maji, kwa ruhusa ya mwalimu wa kilimo. Atakayependa kujifunza aje wakati wa mapumziko, na wembe wake na mkebe wake. Miche kwenye kuta ni mingi, na masika hayamngoji mtu.